Maganda ya Verlin

Tolman Bay, Alaska
11 Machi 1986

Mama,

Natumaini barua hii imekukuta una nguvu na kuni za kutosha. Mimi sijambo. Mvua huku haijakatika tangu nirudi kutoka mazikoni, na chakula cha kambini ni kilekile, maharage na samaki, kesho yake samaki na maharage. Nisamehe kwa kukaa kimya. Kazi ilizidi.

Yule mtamba mweusi ameshazaa? Ikifika siku yake usitoke peke yako kwenye theluji. Mwite Delmar Stokke, jirani ni wa nini.

Na Delmar ndiye hasa aliyenifanya niandike. Nimefikiri juu ya kibanda cha Baba. Mpe vyote: mashine ya kujazia risasi, mizani ya baruti, meza yenyewe, na makopo yote ya maganda matupu ya risasi. Amekuwa akivitamani miaka mingi na atavitunza. Mimi sitavitumia tena. Tafadhali usianze kubishana nami, Mama, nimeshaamua.

Msalimie mbwa.

Mwanao,
Garth


Kerrick Creek, Montana
30 Machi 1986

Mwanangu Garth,

Barua yako nimeisoma nimesimama kwenye sanduku la posta barabarani, upepo ukitaka kuninyang'anya. Mimi ni mzima. Goti linalalamika, lakini nimelizoea na halinipi amri. Mtamba mweusi amezaa dume. Nilimzalisha mwenyewe, na Delmar alipofika ndama alikuwa ameshasimama ananyonya. Alibaki mlangoni na kamba mkononi, hana pa kuiweka. Mbwa hajambo, amezeeka tu kama sisi.

Mwandiko wako umelala upande kama ua wa mbao baada ya theluji kubwa. Siku hizi unaandikia kitandani?

Sasa nikueleze jambo usilolijua. Baba yako alipofariki, wanawake wa bonde hili waliniletea vyakula, bakuli juu ya bakuli, mpaka nikakosa pa kuviweka. Wanaume, kwa kuwa hawajui kusema pole, waliniletea makopo ya kahawa yaliyojaa maganda ya risasi. Waliyapanga barazani kama walivyozoea kumpangia Verlin kila mwaka, wakagusa kofia, wakaondoka. Hakuna aliyeniambia niyafanyie nini. Na bado wanaleta. Jumapili iliyopita nilirudi kutoka kanisani nikakuta mengine mawili.

Baba yako ndiye aliyesafisha maganda ya bonde zima ili yajazwe tena, na hakuna bunduki iliyomkatalia mtu hapa kwa sababu ya kazi yake. Hilo unalijua. Mezani pake kuna kopo alilokuwa ameanza, nusu yanang'aa, nusu yana masizi. Siwezi kuishi nyumba moja na kopo lililoachwa nusu. Nitalimaliza.

Nilimwambia Delmar, akacheka. Akasema, "Ardis, hilo si sufuria ya kusugua." Nikamwambia shaba nimeijua kabla yeye hajajua kunyoa. Nani anayeng'arisha vinara vya kanisa letu tangu niolewe? Mchungaji mgeni akiingia huviona vinara kwanza, ndipo aone msalaba. Dawa yangu ninayo na mkono wangu ninao.

Kwa hiyo meza haiendi popote. Ikifika msimu wa kuwinda elki, wale kulungu wakubwa wa milimani, mwezi wa kumi, utakuta maganda yako tayari kama miaka yote.

Mama yako


Tolman Bay
9 Aprili 1986

Mama,

Salamu baadaye, na hongera kwa ndama. Nakuomba usome barua hii yote kabla hujagusa kitu.

Usitumie dawa ya vinara. Ina amonia. Amonia huila shaba kwa ndani, wala huioni. Ganda litang'aa kuliko yote, kumbe shingo yake imeshakuwa dhaifu. Kinara hakipigwi na moto wa baruti ndani yake. Ganda hupigwa, na likipasuka, uso wa mtu uko hapo karibu. Baba aliniambia hivyo nilipokuwa mdogo, na ndiyo siku pekee niliyomwona ameogopa akiwa pale mezani.

Njia yake ni rahisi. Toa kwanza zile fataki ndogo za kitakoni. Osha maganda kwa maji ya moto, sabuni kidogo, siki kidogo na chembe za chumvi. Usiyaache humo ukaenda kuzungumza na watu, siki nayo ikizidi inaharibu. Suuza sana. Yakaushe mpaka ndani, kwa sababu tone moja likibaki baruti italowa. Kisha yazungushe pipani pamoja na maganda ya kokwa za jozi yaliyosagwa. Fungua mlango, usivute lile vumbi, na unawe mikono kabla ya kula. Ganda lenye ufa shingoni litupe, hata likiwa la nani.

Nimekuandikia ili usiumie tu. Sijabadili neno. Delmar aichukue meza.

Samahani kwa mwandiko. Naandika kwa haraka.

Garth


Kerrick Creek
18 Mei 1986

Mwanangu,

Theluji imeisha, matope yamechukua zamu. Ndama wako mweusi ana kichwa kigumu, nimempa jina la babu yako. Wiki ijayo tunapika chapati za viazi kanisani, na wameniweka mkuu wa jiko, kwa hiyo usishangae ukisikia watu wamegombana.

Barua yako ya tarehe tisa Aprili imenifikia juzi. Posta wanasema ndege zilikaa chini kwa sababu ya ukungu. Wakati wewe ukiandika "usitumie", mimi nilikuwa nasugua.

Nilisugua kopo zima, la Delmar, makusudi, nimwonyeshe. Garth, sijapata kuona shaba iliyong'aa vile. Niliyapanga kwenye dirisha la jikoni, jua lilipoingia nikasimama tu nikiyatazama, na roho yangu ikafurahi kwa mara ya kwanza tangu mazishi. Nikayapeleka mwenyewe. Delmar aliyageuzageuza, akayainua juani, na mimi nikarudi nyumbani nimeinua kichwa.

Kisha ikaja barua yako. Niliisoma na soksi moja mguuni. Nikaingia kwenye gari la mizigo bila kunywa kahawa. Njia nzima nilikuwa nasikia mlio wa bunduki ambao haukuwapo. Nilimkuta Delmar amekaa kwenye mashine yake ndogo, ameshajaza kadhaa. Nikamwambia ayatoe yote, yaliyojazwa na yasiyojazwa.

Akauliza kisa. Nikasema, "Nimekosea." Unajua neno hilo halipiti kirahisi kooni mwangu, na kumwambia Delmar ndiyo kabisa. Akanitazama, akasema Verlin hajawahi kurudi kuchukua kitu alichokwisha kumpa mtu.

Nikamjibu, "Verlin hakuwa na mtu wa kumsahihisha. Mimi ninaye mwanangu Alaska."

Hapo hakucheka. Tulizitengua pamoja zile alizojaza, taratibu, na mkewe akatupa mkate. Nyumbani niliyaweka yale maganda juu ya fuawe la baba yako nikayaponda moja moja kwa nyundo, ili asije mtu akayaokota. Yalikuwa mazuri na nililia, sikufichi.

Kesho yake nikaanza upya kwa njia yako. Kile kipipa changu cha umeme ninachosugulia mawe ya akiki kutoka mtoni, ndicho ninachozungushia. Baba yako alikuwa akikiiba kila nikienda kufuma na wenzangu, akidhani sijui, na mimi nikikuta masizi kwenye mawe yangu. Sasa kinanguruma jikoni kutwa na nyumba haiko kimya tena.

Kwenye kifurushi hiki kuna glavu za sufu, rangi ya kijani, nimezifuma mimi. Niambie kama zinakutosha.

Mama yako

Nyongeza: Meza iko palepale.


Tolman Bay
22 Juni 1986

Mama,

Asante kwa kifurushi. Nimekuwa nikicheka peke yangu kila nikikufikiria na soksi moja, mpaka mwenzangu wa chumbani ananiuliza kama nimepata mchumba. Nimemsomea ile habari ya nyundo. Amesema angependa kuwa na mama kama wewe, nikamwambia huyu ni mmoja tu na hagawiwi.

Ulifanya vizuri kuyaponda. Baba angefanya hivyohivyo, ila yeye asingemwambia Delmar sababu.

Glavu ni nzuri. Ya kushoto inanikaa sawasawa kabisa, na ina joto sana.

Mimi sijambo. Siko tena kwenye msumeno wa magogo. Wamenihamishia getini, naandika malori yanayoingia na kutoka. Ni kazi ya kukaa na nina paa juu ya kichwa. Usijali.

Mama, nakuomba tena kuhusu meza. Huu ni mwaka wa kumwachia mtu mwingine.

Garth


Kerrick Creek
3 Agosti 1986

Mwanangu,

Huku ni joto na mvua ya mawe imelamba nusu ya shayiri ya Delmar. Yetu imepona, na sisemi hilo mbele yake. Goti limenyamaza. Juzi mbwa alimfukuza nungu akarudi na adabu.

Nimefurahi kwamba glavu ya kushoto inakukaa.

Msumeno ule uliupenda. Ulipofika huko mara ya kwanza ulituandikia kurasa nne juu ya msumeno tu, baba yako akazisoma kwa sauti kwenye duka la mbegu. Lakini kama umechoka nao, geti pia ni kazi.

Habari yangu sasa. Maganda ya makopo yote ya barazani yamekwisha kusafishwa. Nayakausha juani kwenye wavu wa dirisha, midomo chini, na nikiyatikisa karibu na sikio nasikia kama maji yamebaki. Hayang'ai kama vinara. Yana rangi ya asali tulivu, na ndivyo yalivyokuwa ya Verlin, sasa naelewa. Kila ganda nalipitishia ukucha shingoni kutafuta ufa. Ukucha unajua kabla ya jicho.

Jumamosi Delmar alikuja na kopo lake, hakuliweka barazani. Alibisha hodi, akavua kofia, akaniuliza kama nina nafasi. Nilimwambia aketi asubiri zamu yake. Akaketi. Baada yake wakaja wengine, na mmoja wao, kijana wa ng'ambo ya mto ambaye hakuwahi hata kumwona baba yako mezani, akasema kwao wanayaita "maganda ya Ardis".

Nimelirudia jina hilo jikoni peke yangu mara nyingi, nakwambia wewe tu. Nilikuwa mke wa Verlin Hovland miaka yote na nilijivunia. Lakini hili nimelipata kwa mikono yangu, na uzee huu.

Kitu kimoja sikifanyi. Baruti siipimi na mashine siigusi. Hiyo ni kazi yako. Risasi zako zinakungoja uzijaze mwenyewe.

Mama yako


Tolman Bay
31 Agosti 1986

Mama,

Habari za kazi yako zimenipa raha nisiyoweza kuiandika. Nimewaambia watu wote wa getini. Dereva mmoja wa lori anauliza kama unapokea maganda kwa posta.

Lakini tusiendelee kuzungushana. Msimu huu siji. Sina likizo. Bunduki ya Baba mpe Delmar pamoja na mashine, aende nayo mlimani, isishinde ukutani ikioza. Wewe endelea kusafisha kama unapenda, yeye atajaza. Mtakuwa timu nzuri.

Kuna mambo mtu akishayaacha, ameyaacha. Naomba usiniulize zaidi.

Garth


Kerrick Creek
21 Septemba 1986

Mwanangu,

Tumeamka na barafu kwenye ndoo. Elki wameanza kulia milimani, usiku nafungua dirisha niwasikilize. Ndama tumewashusha, na yule mwenye jina la babu yako alivunja ua mara mbili, kwa hiyo jina limemfaa. Kipipa kimeunguza mkanda, nimefunga mwingine. Sisi sote wazima.

Umeniomba nisiulize. Sijauliza, na siulizi leo. Nakuarifu tu yaliyofanyika kibandani.

Kwanza, taa ya mezani. Ilikuwa imepigiliwa upande wa kushoto, nimeihamishia kulia ili kivuli cha mkono kisiangukie kazi. Jiliwa la kubania nimelihamisha. Mizani nimeigeuza. Kopo la fataki, koleo, brashi za shingo, kila kitu kilichokuwa kulia sasa kiko kushoto.

Mashine ndiyo iliyonipa kazi. Lakini baba yako alinunua chuma kizuri. Mpini wake unafunguka, na upande wa pili kuna tundu jingine la kuufunga, tundu ambalo halijatumika tangu mashine itoke dukani. Lilikuwa limejaa grisi ya miaka. Nikalisafisha kwa brashi ya ganda, nikafunga mpini, nikauvuta kwa mkono wa kushoto. Unashuka laini kabisa.

Delmar alinikuta chini ya meza na spana. Akauliza nafanya nini. Nikasema nyumba hii imeelemea upande mmoja muda mrefu, naiweka sawa. Alinitazama, akaitazama ile meza, akanielewa. Delmar si mjinga, anajifanya tu. Akavua koti akashika upande mzito. Alipomaliza akaniambia, "Bunduki ya Verlin siichukui, Ardis. Mwambie kijana bega la kushoto nalo ni bega."

Mwanangu, mimi nilikuzaa. Mkono uliokwenda shuleni naujua mwandiko wake, na huu unaoniandikia tangu Machi ni mwingine. Ninaujua na huo, na ninaupenda vilevile.

Mama yako

Nyongeza: Nirudishie glavu ya kulia niifume upya. Niandikie vipimo tu, si lazima uandike kingine.


Tolman Bay
5 Oktoba 1986

Mama,

Vidole vitatu. Kidole gumba na cha shahada vimebaki. Ilikuwa Februari, kosa langu, glavu ilishikwa na msumeno. Nilikaa hospitali nikijifunza kuandika upya, na barua yangu ya kwanza kwako ya mkono wa kushoto niliirudia mpaka karatasi zikaisha.

Sikutaka ujue. Ulikuwa umemzika Baba juzi tu. Na sikutaka nije niketi kwenye kiti chake nimwage baruti kama mtoto, na wanaume wa bonde wakinitazama kwa huruma, mwana wa Verlin Hovland. Niliona heri meza iondoke kabla sijafika, nisilazimike kuiona.

Barua yako niliisoma getini. Malori matatu yalipita sikuyaandika.

Usinifumie tena ya kulia. Nitakuja nayo hiyohiyo, ukate mwenyewe ukiwa umenishika mkono, ndiyo kipimo kizuri. Meneja amenipa likizo nilipomwambia sababu. Tena akaniuliza kama mama yangu anahitaji kazi.

Nitashuka kwenye basi tarehe ishirini na moja. Msimu ukifunguliwa nitakuwa mezani siku kadhaa tayari. Nitakuwa mzito, Mama. Itabidi univumilie.

Mwanao wa kushoto,
Garth


Kerrick Creek
13 Oktoba 1986

Mwanangu,

Hii sijui kama itakuwahi, lakini nimeandika kwa sababu siwezi kukaa.

Kitanda kimetandikwa. Kuna chapati za viazi kwenye friza, na Delmar analeta mguu wa kondoo akijidai alikuwa anapita tu. Nimemwambia yeyote atakayekuja kibandani kukutazama kwa huruma atatoka na kopo lake likiwa chafu kama alivyolileta. Habari hiyo imeshafika ng'ambo ya mto.

Hakuna atakayekuharakisha. Mimi nilianza kazi hii kwa kuharibu kopo zima na kulia juu ya fuawe, na leo wananisubiri kwa zamu.

Lile kopo la baba yako, lililokuwa nusu, nimelisafisha la mwisho. Nimemaliza kuyafuta maganda yake sasa hivi. Sasa huwezi kujua yapi aliyasafisha yeye na yapi mimi. Nimejaribu, nimeshindwa, na nimekaa nayo mapajani nikijisifu.

Nimeliweka mezani, upande wa kushoto wa mpini.

Mama yako,
Ardis Hovland